Nani Akae na Mtoto Mchanga Njiani

Mtoto mchanga mgonjwa anayehamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine hupita mikononi mwa watu wa aina tatu: wanaomtoa, wanaomsindikiza na wanaompokea. Wanaomtoa wanajulikana, kwani ndio waliomzalisha mama yake na kuona kwamba hali imewazidi uwezo. Wanaompokea nao wanajulikana, kwani wamekwisha kupigiwa simu. Wanaomsindikiza ndio hupatikana kwa kubahatisha: muuguzi aliyekuwa zamu, tabibu aliyeonekana karibu, na pengine hakuna mwingine ila dereva na bibi wa mtoto. Kuamua nani apande kwenye gari hilo ni uamuzi wa tiba, sawa na kuamua mtoto apewe dawa gani na kwa kipimo gani. Ukifanywa ovyo, kazi nzuri ya hospitali ya mwanzo hupotea barabarani kabla hospitali ya pili haijaanza yake.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 2.3 duniani walifariki kabla ya kutimiza siku 28, karibu nusu ya vifo vyote vya watoto walio chini ya miaka mitano. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka huohuo ulionyesha vifo 24 vya watoto wachanga katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Kenya, vifo 21. Wengi hufariki kwa kuzaliwa njiti, kwa kuzaliwa wamechoka baada ya kukosa hewa wakati wa uchungu, au kwa maambukizi. Wengine huzaliwa na kasoro za moyo au utumbo. Mengi ya maradhi haya yana tiba, lakini tiba yenyewe haipatikani kila mahali. Zahanati haina mashine ya CPAP ya kumsaidia mtoto kupumua. Kituo cha afya hakina daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Kwa hiyo lazima mtoto asafiri.

Kinachomsumbua zaidi safarini ni baridi. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za sentigredi. Ngozi yake ni pana ukilinganisha na uzito wake, mafuta ya kumhifadhi ni machache, na akiwa njiti ngozi hiyo huvujisha joto na maji kwa urahisi. Joto lake huisha bandu bandu: dakika mbili mlango wa gari ukiwa wazi, dakika tano akitafutiwa mshipa, nepi iliyolowa ambayo hakuna aliyeigusa. Mwili unaopoa huunguza sukari ili kujipasha, na sukari ikishuka ubongo hukosa chakula chake. Hutumia oksijeni nyingi zaidi wakati mapafu hayawezi kuiongeza, na mishipa ya damu ya mapafu hujibana. Mtoto aliyeondoka anapumua kwa shida kidogo anaweza kufika anapumua kwa shida kubwa, bila ugonjwa wake wa mwanzo kubadilika hata kidogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa chini ya gramu 1,500, ulionyesha kwamba kila nyuzi moja iliyopungua katika joto la mtoto anapolazwa iliambatana na ongezeko la 28% katika uwezekano wa kufariki.

Gari lenyewe nalo ni adui. Likitikisika, namba za kipima oksijeni huruka na kutoaminika. Kelele za injini huzima sauti ya moyo na mapafu, hata kipimo cha masikioni hakifai kitu. Nafasi ni finyu, taa ni hafifu, na kumtundikia dripu mtoto wa kilo moja na nusu juu ya barabara ya vumbi ni kazi isiyowezekana. Ndiyo maana watu wa kazi hii hushika kanuni moja: linaloweza kufanyika kabla ya kuondoka lifanyike kabla ya kuondoka. Mshipa uwe umepatikana, sukari iwe imepimwa, njia ya hewa iwe imehakikishwa, na joto liwe limerudi.

Kwa njiti wadogo sana, safari huongeza hatari nyingine. Mishipa ya damu ya ubongo wao ni dhaifu mno katika siku tatu za mwanzo. Utafiti wa England uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto waliozaliwa kabla ya wiki 28 na kuona kwamba waliozaliwa katika hospitali zisizo na huduma ya juu kisha wakahamishwa ndani ya saa 48 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata jeraha baya la ubongo kuliko waliozaliwa palepale penye huduma hiyo. Kutokana na hayo, swali la nani amsindikize mtoto lina swali linalolitangulia: je, mama angeweza kuhamishwa kabla hajajifungua? Mama mwenye uchungu wa wiki ya 29, ambaye njia bado haijafunguka sana, husafiri na mtoto wake akiwa katika joto sahihi, analishwa na kupewa oksijeni pasipo mashine yoyote. Hakuna timu inayoweza kufikia hapo.

Inapokuwa mtoto amekwisha kuzaliwa, timu za kumhamisha ni za aina chache. Iliyo rahisi kupatikana ni ya hospitali inayotoa rufaa: muuguzi au tabibu wake hupanda gari, humfikisha mtoto, kisha hurudi. Nyingine ni wahudumu wa kawaida wa magari ya wagonjwa, waliozoea ajali na watu wazima. Ya tatu hutoka hospitali inayopokea, huenda kumchukua mtoto na kurudi naye. Ya nne haimilikiwi na hospitali yoyote kati ya hizo mbili. Ni huduma ya eneo zima ambayo kazi yake ni hiyo tu.

Aina hizi mbili za mwisho zina historia. Jiji la New York lilianzisha huduma ya kuwahamisha njiti mwaka 1948, na tangu mwanzo wauguzi waliojifunza kazi ya njiti walikuwa kiini chake. Australia, nchi yenye miji michache na mapori makubwa kati yake, ilianzisha huduma ya dharura ya kuwasafirisha watoto wachanga katika jimbo la Victoria mwaka 1976, na New South Wales ikafuata mwaka 1979. Uingereza ilikwenda polepole zaidi. Kwa miaka mingi daktari mwanafunzi wa ubingwa alitolewa wodini usiku na kupakiwa kwenye gari pamoja na inkubeta, huku wodi yake ikibaki pungufu. Baadaye kazi hiyo ilikusanywa katika timu za kanda. Timu ya Embrace, inayohudumia Yorkshire na Humber, ilianza mwaka 2009, na Scotland iliunganisha huduma zake chini ya ScotSTAR mwaka 2014. Katika timu hizo kuna wauguzi wa watoto wachanga, wauguzi bingwa waliosomea kufanya sehemu kubwa ya kazi za daktari, na madaktari wenyewe. Marekani hutumia mara nyingi muuguzi pamoja na mtaalamu wa tiba ya upumuaji, na daktari huongezwa pale hali inapomdai.

Je, kuna ushahidi kwamba timu maalumu huokoa maisha? Upo, ingawa una mipaka yake. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Pittsburgh, Marekani, uliolinganisha watoto wagonjwa mahututi waliohamishwa na timu maalumu ya watoto na wale waliohamishwa na wahudumu wasio wa fani hiyo. Matukio yasiyotarajiwa njiani, kama vile bomba la hewa kuchomoka au shinikizo la damu kuporomoka, yalitokea kwa 1.5% ya watoto wa kundi la kwanza na 61% ya kundi la pili. Vifo vilikuwa 9% na 23%. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Hata hivyo watoto hao hawakugawanywa kwa kura, na wengi hawakuwa wachanga. Mwaka 2015, mapitio ya Cochrane yalitafuta majaribio ya kura yaliyopima timu maalumu za kuwahamisha watoto wachanga na hayakupata hata moja lililokidhi vigezo. Ni rahisi kuelewa kwa nini: mzazi gani, au daktari gani, angekubali kura iamue kama mtoto mahututi asindikizwe na mjuzi au asiye mjuzi?

Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2003, unastahili kutajwa zaidi ya ule wa Pittsburgh kwa nchi zenye madaktari wachache. Ulilinganisha safari zilizoongozwa na wauguzi bingwa wa watoto wachanga na zile zilizoongozwa na madaktari, na wauguzi hawakupungukiwa na chochote. Cheo, basi, hakitoshi kuwa kigezo. Daktari wa jumla aliyemwekea mtoto mchanga bomba la hewa mara ya mwisho alipokuwa chuoni ni msindikizaji hafifu kuliko muuguzi anayeshika njiti kila siku.

Namna nzuri ya kuchagua timu ni kuanza na mtoto mwenyewe na kuuliza jambo baya zaidi linaloweza kumtokea kati ya mlango wa hospitali moja na mlango wa hospitali nyingine. Timu inayofaa ni ile inayoweza kulikabili jambo hilo gari likiwa limesimama kando ya barabara, bila msaada wa mtu mwingine.

Kwa kipimo hicho, sura ya mtoto inaweza kudanganya. Mtoto aliyezaliwa utumbo ukiwa nje ya tumbo huwatisha wote waliomo chumbani. Mahitaji yake ya safari, hata hivyo, yanaeleweka: utumbo ufunikwe kwa plastiki safi ili usipoteze maji na joto, alazwe kwa upande ili mishipa yake isijikunje, apitishiwe mpira tumboni kutoa hewa na uchafu, apewe maji ya mshipa ya kutosha, na apashwe joto. Kwa kawaida anapumua mwenyewe. Muuguzi mzoefu aliyeelekezwa vizuri anaweza kumfikisha salama. Kinachomuua mtoto huyu mara nyingi ni baridi na kuchelewa.

Tofauti naye ni mtoto wa siku mbili aliyelala kimya, mwenye rangi ya bluu kidogo midomoni, ambaye kasoro ya moyo wake inamfanya aishi kwa kutegemea mshipa mdogo ambao kwa kawaida hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Dawa ya prostaglandini huuacha mshipa huo wazi, lakini dawa hiyohiyo inaweza kusimamisha pumzi ya mtoto ghafla. Hakuna kinachotisha kwa macho, na kumbe huyu ndiye anayehitaji mtu mwenye uwezo wa kumpulizia hewa papo hapo na kumwekea bomba la hewa ikibidi. Kumpa msindikizaji asiyejua hilo ni kumweka katika hatari kubwa kuliko ile ya ugonjwa wenyewe kwa saa hiyo.

Kuna hata mtoto ambaye msaada wa kawaida humdhuru. Mwenye tundu katika kiwambo cha kati ya kifua na tumbo, ambaye utumbo wake umepanda kifuani, akipulizwa hewa kwa begi na barakoa, hewa huingia tumboni, utumbo huvimba na kuyabana mapafu ambayo tayari ni madogo. Huyu anahitaji bomba ndani ya koromeo na mpira wa kupunguza hewa tumboni. Mtoto aliyechoka wakati wa kuzaliwa na sasa ana degedege, kwa upande wake, anahitaji watu wanaojua kufungua njia ya hewa, kupima sukari, kutoa dawa ya degedege na kutambua pumzi inapopungua kwa sababu ya dawa hiyo. Pale ambapo hospitali inayopokea ina tiba ya kumpoza mtoto kwa makusudi, lazima ianze ndani ya saa sita baada ya kuzaliwa, na saa hizo sita huamua mengi kuhusu timu ipi inaweza kusubiriwa.

Hali ya mtoto inaweza pia kupimwa kwa alama. Kipimo cha TRIPS, kilichochapishwa na watafiti wa Canada mwaka 2001, hutumia mambo manne: joto, pumzi, shinikizo la damu na mwitikio wa mtoto anapochokozwa. Hupimwa kabla ya safari na tena baada ya kufika. Faida zake ni mbili. Humsaidia anayeamua kujua ukubwa wa hatari, na baadaye huonyesha timu ilimfikisha mtoto akiwa katika hali bora au mbaya kuliko ilivyomkuta.

Mwenye neno la mwisho ni nani? Marekani ililijibu swali hili kwa sheria. Sheria ya EMTALA ya mwaka 1986 inaibebesha hospitali inayotoa rufaa wajibu wa kuhakikisha kwamba mgonjwa wa dharura anahamishwa na watumishi wanaofaa na kwa vifaa vinavyofaa. Daktari aliye mbele ya mtoto ndiye anayeamua. Mantiki yake iko wazi, maana yeye ndiye anayemwona. Tatizo ni kwamba hospitali inayotoa rufaa mara nyingi ndiyo yenye uzoefu mdogo zaidi wa ugonjwa unaohusika. Ingekuwa na uzoefu huo isingemtoa mtoto. Daktari wa hospitali inayopokea anao ujuzi, lakini hamwoni mtoto, na anaweza kuvutwa na hamu ya kutuma timu yake mwenyewe hata pale timu ya jirani ingefika saa moja mapema. Katika miji yenye hospitali zinazoshindana, mvutano wa aina hii hugeuka kuwa wa fahari na fedha, na anayelipia mvutano huo ni mtoto aliye kwenye kitanda cha kupasha joto.

Australia na huduma za kanda za Uingereza zilipata njia bora. Daktari anayetoa rufaa hupiga simu moja. Daktari wa timu ya usafirishaji huingia kwenye mazungumzo hayohayo pamoja na daktari wa hospitali inayopokea, na watatu hao huzungumza kwa pamoja. Kitanda, ushauri wa tiba na uchaguzi wa timu hupatikana katika mazungumzo hayo. Daktari wa usafirishaji hana wodi ya kujaza wala ya kupunguza. Anajua timu zake ziko wapi kwa sasa na barabara zikoje. Tangu simu hiyo inapokatwa, tiba imekwisha kuanza, kwa sababu aliye kando ya mtoto amepewa maelekezo ya kufuata wakati timu iko njiani.

Hesabu ya muda haiwezi kukwepwa. Hospitali mbili zikitengana kwa mwendo wa saa mbili, timu ya wanaotoa rufaa itamfikisha mtoto kwa saa mbili. Timu itakayotoka upande wa pili itahitaji saa mbili za kwenda, pengine saa moja na nusu ya kumtengemaza, na saa mbili za kurudi. Ila ujuzi wa hali ya juu humfikia mtoto baada ya saa mbili, kitandani kwake, katika chumba chenye mwanga. Kwa mtoto mwenye shida ya kupumua, njia ya pili mara nyingi ndiyo bora. Kwa mtoto ambaye utumbo wake umejisokota na kukatiwa damu, kila saa inayopita utumbo unakufa, na hakuna timu inayoweza kuutengemaza nje ya chumba cha upasuaji. Huyo aondoke sasa, akisindikizwa na aliye bora kati ya waliopo.

Uamuzi wa kuondoka sasa usitafsiriwe kuwa ni ruhusa ya kukimbiza gari. Mwendo wa kasi huokoa dakika chache, humtikisa mtoto, na humzuia msindikizaji kufanya kazi akiwa amefunga mkanda. Oksijeni nayo hupigiwa hesabu kabla. Mtungi wa lita 680, kwa mtiririko wa lita 2 kwa dakika, hudumu dakika 340, yaani saa tano na dakika 40. Mtungi uleule ukilisha mashine ya CPAP kwa lita 8 kwa dakika huisha kwa dakika 85. Msindikizaji aliyezoea mtiririko wa kwanza anaweza kujikuta katikati ya safari ya saa mbili mtungi ukiwa mtupu. Kanuni ya kazi ni kubeba mara mbili ya kiasi kinachokadiriwa, kwa ajili ya pancha, foleni au daraja lililofurika.

Tanzania imepiga hatua ya kweli katika nusu ya kwanza ya tatizo hili, ile ya gari. Mfumo wa m-mama ulianza kama majaribio Kanda ya Ziwa na ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mhudumu wa kituo, au familia yenyewe, hupiga namba 115 bila malipo. Aliye kwenye kituo cha simu huuliza maswali ya kitabibu, huamua uzito wa dharura, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wote wamo. Katika eneo kama Sengerema, ambako kwa miaka mingi njia ya kwenda hospitali ya Bugando jijini Mwanza ilipita kwenye kivuko cha Busisi na foleni yake, tofauti ni kubwa: gari sasa linajulikana lilipo, na tangu 2025 daraja la takriban kilomita 3 limechukua nafasi ya kivuko.

Nusu ya pili bado inabaki mabegani mwa muuguzi wa zamu. Kituo cha afya kina wauguzi wakunga wawili usiku. Mmoja yuko na mama aliyefikia kusukuma. Wa pili amemaliza kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa amechoka, na sasa gari limefika. Akipanda, mwenzake atabaki peke yake na wodi nzima hadi alfajiri. Asipopanda, mtoto atasafiri na dereva ambaye hakusomea tiba. Hakuna jibu zuri hapo, na si haki kumwachia muuguzi huyo aamue peke yake saa nane za usiku kisha asubuhi aulizwe kwa nini. Uamuzi wa aina hii hupaswa kuwa umekwisha kufanywa na uongozi wa wilaya kabla ya usiku huo: nani yuko kwenye orodha ya kuitwa nyumbani ili aje kushika wodi au kusindikiza, analipwaje, na anarudije.

Kima cha chini cha ujuzi wa msindikizaji kinaweza kuwekwa bila kusubiri mabingwa. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, kwa begi na barakoa, yamekwisha kuenea nchini. Utafiti wa hospitali nane za Tanzania uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya mafunzo hayo vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa 47%. Anayemudu begi na barakoa, anayejua kupima joto na sukari, na anayeweza kusoma kipima oksijeni, anafaa kuwasindikiza watoto wengi wanaopewa rufaa kutoka vituo vya afya. Juu ya kima hicho, kila hospitali ya rufaa ya mkoa ingeweza kuwa na wauguzi wachache wa wodi ya watoto wachanga waliozoezwa kwenda kuwachukua wale walio mahututi zaidi, pamoja na daktari anayepatikana kwa simu muda wote. Hilo linagharimu kidogo kuliko gari jipya, na lingeyapa magari yaliyopo thamani yake kamili.

Kuhusu joto, kifaa bora kipo tayari. Huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, humweka njiti kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi. Utafiti wa nchi tano uliochapishwa mwaka 2021, ambao Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilishiriki, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja njiti atengemae kwanza, kulipunguza vifo kwa robo. Ndani ya gari lisilo na inkubeta, kifua cha mama ni cha kuaminika kuliko mablanketi matano. Mama akiwa amefanyiwa upasuaji na hawezi kusafiri, shangazi, bibi au baba anaweza kumbeba mtoto hivyohivyo. Mbebaji huyo ni sehemu ya timu na anapaswa kuchaguliwa kwa umakini uleule: awe na nguvu, awe amefungwa mkanda, na aelezwe kwamba mtoto akibadilika rangi au akilegea aseme mara moja. Mtoto anayehitaji kupuliziwa hewa au kutazamwa kifua muda wote hafai kubebwa namna hiyo.

Safari za anga zina masharti yake. Amref, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na kujulikana kwa madaktari wake warukao kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, limewazoeza wakazi wa Afrika Mashariki kuona ndege kama gari la wagonjwa. Kwa mtoto mchanga, anayechagua timu ya ndege lazima ajue kwamba hewa iliyonaswa mwilini, chumba cha abiria kikiwa na shinikizo la kimo cha mita 2,400 hivi, hupanuka kwa takriban theluthi moja. Hewa kidogo iliyovujia kati ya pafu na kifua huwa nyingi. Utumbo ulioziba huvimba zaidi. Timu isiyojua kuweka mrija wa kifua haifai kumpandisha ndegeni mtoto mwenye tatizo hilo, hata kama ndege ndiyo ya haraka.

Kazi ya timu haiishii getini pa hospitali inayopokea. Mtoto hukabidhiwa kwa mdomo na kwa maandishi: alizaliwa saa ngapi na kwa uzito gani, alipewa vitamini K au la, antibayotiki ya mwisho aliipata lini, sukari na joto vilikuwa vingapi wakati wa kuondoka na wakati wa kufika. Nambari ya simu ya mama aliyebaki nyuma hupelekwa pamoja naye, na maziwa yake ya kwanza yaliyokamuliwa, na jina la aliyeridhia upasuaji kama utahitajika. Msindikizaji hubaki hadi mtoto awe juu ya kitanda cha kupasha joto na mashine za wodi zimeanza kumsoma, kisha hukusanya mtungi, begi na kipima oksijeni cha kituo chake, kwa sababu vikibaki huko mtoto anayefuata ataondoka bila vifaa hivyo. Hospitali iliyompokea hurudisha taarifa ya joto aliloingia nalo na ya jinsi alivyoendelea, iwe alipona au alifariki, na wilaya huzitumia taarifa hizo kila mwezi kurekebisha orodha ya watu wanaoitwa kusindikiza.